Msimu Wote Wetu, Isipokuwa Siku Ile

Ujumbe uliingia saa ya chakula, tukiwa wanne kwenye meza ya kona pale ghalani tunapofanya kazi, kila mtu na kontena lake la wali au mkate. Simu iliyolia ni ya yule tunayemwita mwenye akaunti. Alisoma kimya, akapangusa vidole, akasoma tena kwa sauti: kwa kuwa wewe ni mteja wa tiketi za msimu, unakaribishwa kununua tiketi za mechi ya nje, ile ya hoki kwenye uwanja wa wazi usio na paa, kabla hazijafunguliwa kwa umma. Dirisha litafunguliwa Jumatano saa nne asubuhi. Mwisho tiketi mbili.

Akalirudia lile neno la mwisho.

Mbili.

Na sisi ni wanne.

Mmoja wetu akacheka, kile kicheko cha mtu anayeuona ugomvi unakuja.

Klabu yetu siitaji. Mji uko Kati Magharibi ya Marekani, baridi yake ni ya kweli, na mambo niliyoyaona kwetu yangeweza kutokea kwenye mji wowote wenye timu ya hoki ya barafu. Nilichokaa nacho wiki kadhaa tangu mchana ule ni swali moja tu: mtu akilipia msimu mzima, amenunua nini hasa?

Kinyota pembeni

Anayefuata NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, anajua: msimu huo ulikuwa na mechi 82, 41 nyumbani. Kulipia 41 peke yako kwa mshahara wa ghalani haiwezekani, ndiyo maana watu huungana. Sisi tuna viti viwili na kila mmoja analipa robo. Ratiba ikitoka tunakaa kugawana kwa zamu, wa kwanza hadi wa nne, kisha tunarudi kinyumenyume ili wa mwisho asionewe. Jumamosi na mahasimu huenda mwanzoni. Baada ya hapo tunabaki kutazamana na Jumanne za Novemba, dhidi ya timu ambazo hata mashabiki wake hawasafiri kuzifuata.

Safari hii kulikuwa na mechi 40 za kugawana. Ya 41 ilikuwa na kinyota, na chini ya ukurasa, kwa maandishi ya kusogezea miwani, ikaelezwa kwamba itachezwa nje ya uwanja wetu wa kawaida na haimo kwenye kifurushi.

Haimo kwenye kifurushi, lakini imo kwenye msimamo wa ligi. Hapo ndipo nilipoanza kuwashwa. Mechi hizi si bonanza. Tarehe 1 Januari 2008, pale Orchard Park nje kidogo ya Buffalo, Sidney Crosby wa Pittsburgh alifunga mkwaju wa mwisho huku theluji ikianguka, mbele ya watu 71,217. Pittsburgh wakashinda 2-1 na pointi zao zikahesabiwa kama za usiku mwingine wowote. Buffalo, waliopoteza, walikuwa nyumbani. Kwenye vitabu vya ligi ile ni mojawapo ya mechi zao 41.

Sasa kama ni mechi ya nyumbani, na mimi nimelipia nyumbani, kinyota kinatoka wapi?

Mwenye shughuli

Kwa msomaji wa Dar nitalieleza kwa harusi. Umechanga tangu kikao cha kwanza, umefikisha kiwango, kadi yako inakuja imeandikwa "dabo." Halafu siku mbili kabla, kamati inakuambia kwamba michango yako ilikuwa ya vikao na soda za vikao. Ukumbini utanunua kadi nyingine, ila kwa heshima yako tumekuruhusu ununue kabla ya wapita njia.

Ungeondoka na kreti yako ya bia.

Lakini kuna sababu, na si ya kubuni. Mechi za nje mwenye shughuli ni ligi yenyewe, NHL. Ndiyo inayotafuta uwanja wa besiboli au wa futiboli ya Kimarekani. Ndiyo inayoleta trela la mitambo ya kugandisha, inayotandaza trei za alumini juu ya nyasi, inayosukuma glaikoli ndani yake na kunyunyiza maji tabaka kwa tabaka mpaka barafu ifike kama inchi mbili. Mapato ya mlangoni ni ya ligi, na klabu mwenyeji hulipwa fidia ya siku ambayo ukumbi wake umelala gizani.

Kwa hiyo klabu ikisema "tiketi hizi si zetu kuuza," haidanganyi. Ila klabu hiyohiyo ndiyo iliyokubali siku yake moja ya nyumbani ihamishwe, na fidia yake imepata. Mwenye kiti hajaulizwa wala hajafidiwa. Kapewa namba ya kufungulia dirisha.

Hesabu za viti

Nilikuwa nimeshaamua kwamba huu ni uroho mtupu. Halafu usiku mmoja nikachukua kalamu.

Fenway Park ya Boston, Winter Classic ya 2010, ile mechi ya nje ya Mwaka Mpya: watazamaji 38,112. Ukumbi wa Bruins, timu ya mji huo, wakati ule ulibeba 17,565 kwa hoki. Tuseme, kwa kukadiria kwangu tu, elfu kumi na nne ya viti hivyo vina wenyewe wa msimu. Mpe kila mmoja kiti chake na kingine cha kumleta mtoto au mke: tayari elfu ishirini na nane. Bado hujawapa Philadelphia, waliokuwa wageni siku hiyo na ambao nao wana watu wao wa msimu. Bado wafadhili. Bado televisheni na kamera zake, wachezaji wastaafu, familia za wachezaji. Anayebakiziwa kitu pale ni nani?

Wrigley Field ya Chicago ni hivyohivyo. Watu 40,818 walipokutana Blackhawks na Detroit mwaka 2009. Na ligi iliporudi hapo tarehe 31 Desemba 2024, St. Louis wakashinda 6-2, walikuwa 40,933. Uwanja mzuri wenye ukuta wa mimea, picha yake kwenye televisheni haina mfano. Ila ni mdogo.

Geuza upande wa pili. Michigan Stadium, tarehe 1 Januari 2014: Detroit na Toronto, theluji siku nzima, watu 105,491. Ukumbi wa Detroit wa zamani hizo ulibeba kama elfu ishirini. Mara tano na zaidi! Au Ohio Stadium pale Columbus, tarehe 1 Machi 2025: watu 94,751, na ukumbi wa Blue Jackets, timu ya mji huo, ni wa 18,144. Columbus walikuwa wanacheza msimu wa msiba, mchezaji wao Johnny Gaudreau na mdogo wake Matthew walikuwa wamegongwa na gari wakiwa kwenye baiskeli Agosti 2024 na kufariki wote wawili, na mji ulijitokeza. Wakamfunga Detroit 5-3. Kwenye uwanja wa ukubwa ule unaweza kumkalisha mwenye msimu, mgeni wake, shabiki wa timu pinzani na mtu ambaye hajawahi kuona hoki maishani, bila kumsukuma yeyote.

Basi ugomvi wa tiketi unaamuliwa siku ya kuchagua uwanja, miezi mingi kabla ya simu ya mwenye akaunti kulia. Wakichagua uwanja kwa ajili ya picha, wamekwisha kuchagua pia ni akina nani watabaki nje.

Na picha ina nguvu kweli. Februari 2021, wakati wa korona, ligi ilipeleka mechi mbili Lake Tahoe, kwenye uwanja wa gofu kando ya ziwa, bila mtazamaji hata mmoja. Jua likaharibu barafu. Colorado na Las Vegas wakacheza kipindi cha kwanza mchana, wakasubiri kwa muda wa karibu saa nane, wakamaliza usiku. Tiketi sifuri, na mechi ikawa mechi, na milima ikaonekana vizuri. Sisemi ligi haituhitaji. Nasema imeshaonja.

Jirani akaniuliza

Chini ya ghorofa yetu anakaa mama mmoja wa Bukavu na wanawe wawili. Hao watoto wamepotelea kwenye hoki. Wanacheza kwenye maegesho ya magari kwa magongo ya mtumba na mpira wa tenisi, goli lao ni mapipa mawili ya taka, na ukipita na gari lazima usubiri shambulizi liishe. Wanawajua mabeki wote wa timu kwa majina na namba. Ndani ya ukumbi hawajawahi kuingia.

Tulikutana chumba cha kufulia nguo. Akaniambia, "Ndugu, ile mechi ya inje, siye tutapata tiketi namna gani?"

Nikaanza kumweleza. Kwanza wananunua wenye msimu. Wakimaliza, wenye kadi ya benki fulani inayofadhili. Halafu waliojiandikisha kupokea barua pepe za klabu. Halafu umma. Kadiri nilivyoeleza nikawa nasikia orodha inavyorefuka mdomoni mwangu.

Akasubiri nimalize. "Siye ndiyo umma?"

Nikamwambia ndiyo.

"Ule wa mwisho."

Ule wa mwisho.

Nguo zangu zilikuwa hazijakauka lakini nilizitoa nikapanda nazo mbichi. Kwa siku kadhaa pale kazini tulikuwa tunalalamika kama watu walioibiwa, na katika malalamiko yote hayo hakuna aliyewahi kumtaja mtu kama huyu. Mechi ya nje inauzwa kwa hadithi ya bwawa lililoganda, watoto wanacheza mpaka giza, hakuna mlango wala mlinzi. Kila tangazo lina bwawa hilo. Na watoto wanaocheza hivyo kweli, kwenye mtaa wangu, wamewekwa baada ya wenye kadi ya benki.

Uaminifu au mfuko?

Nilimpelekea mwenye akaunti swali hili, maana ndiye mkongwe wetu. Viti alivirithi kwa baba yake. Akanijibu bila hasira. Klabu ilipokuwa ya mwisho kwenye kundi lake, alisema, ukumbi ukiwa nusu mtupu na watu wakipewa tiketi za bure kwenye maduka ya pizza, yeye alilipa bei kamili. Alilipa kiangazi, kabla kisahani, ule "mpira" wa hoki, hakijaanguka kwenye barafu, na klabu ikatumia pesa hiyo kuendesha mambo. "Wanakula Jumanne zangu," alisema. "Wakipika Jumapili, nataka sahani."

Sina cha kupinga hapo. Mtu huyo anadai kitu halali.

Ila mimi si yeye. Uaminifu wangu ni makato ya kila mwezi kwenye akaunti ya benki, nayaona nikisoma taarifa. Ukinipima na wale watoto wa maegesho, nani anaipenda timu zaidi? Hakuna kipimo. Klabu zinapima kwa kinachopimika, yaani miaka ya akaunti: mkongwe anafunguliwa dirisha asubuhi, wa mwaka jana anafunguliwa mchana. Kati ya vipimo vibaya, ukongwe naona una afadhali. Kasi ya vidole ingewapa ushindi wenye programu za kununua tiketi mia kwa dakika.

Lakini ukongwe huo ni wa akaunti, si wa watu. Kwetu sisi wanne, jina liko moja. Watatu tunalipa kila mwaka na kwenye vitabu vya klabu hatupo. Zile "mbili" za ujumbe hazikutuhesabu kwa sababu hatujawahi kuhesabiwa. Kuna vikundi kama chetu kila safu ya ukumbi ule. Ndivyo watu wa kawaida wanavyoumudu msimu. Klabu inalijua hilo. Ndiyo inayopanga bei zinazotulazimisha kuungana.

Nyumbani kwa karatasi

Nikiwa kwenye kuchimba huku nikakutana na kisa cha New York, na nakiweka hapa kwa sababu kinafurahisha kwa namna yake.

Madison Square Garden, ukumbi wa timu ya Rangers, hailipi kodi ya jengo, msamaha wa tangu 1982, na sharti ni kwamba Rangers wacheze mechi zao za nyumbani humo. Wakicheza "nyumbani" kwingine, msamaha uko hatarini. Matokeo yake, Rangers kwenye mechi za nje za mjini kwao huwa wageni. Mwaka 2014 walicheza mbili Yankee Stadium, pale Bronx, wageni wa New Jersey na kisha wa Islanders. Tarehe 1 Januari 2018 walicheza Citi Field, pale Queens, wakiwa wageni wa Buffalo.

Buffalo, yaani mji ulio karibu kilomita 600 kutoka hapo.

Jiweke kwenye viatu vya mwenye tiketi ya msimu wa Buffalo. Mechi yako ya nyumbani ya mwaka mpya iko mwendo wa gari siku nzima, uwanja umejaa watu wa timu nyingine, na timu yako inafungwa 3-2 kwenye muda wa nyongeza. Halafu jiweke upande wa pili, mwenye msimu wa Rangers anayeweza kwenda kwa treni ya mjini. Kwa karatasi, yeye ni mgeni, na mgao wa viti vya mgeni ni mdogo. Nani kati yao alipaswa kuwa wa kwanza kwenye foleni? Mimi ningempa wa treni, kisha ningemrudishia wa Buffalo pesa ya siku yake. Lakini mimi siendeshi ligi.

Jumatano saa nne

Tulinunua. Mwenye akaunti alifungua kompyuta ya ofisi ya msimamizi, sisi watatu nyuma yake, foleni ya mtandaoni ikasogea kama mstari wa samli kwenye chungu baridi, na dirisha likafunguka. Bei ya viti vya chini ilikuwa ya kusoma mara mbili.

Hapo angalau nilikuwa na la kusema. Kiti cha chini kwenye mechi ya nje ni kitanzi. Watu waliozoea kukaa karibu na kioo ukumbini hukimbilia safu za mbele, wakidhani ni kitu kilekile. Barafu ni mita 61 kwa 26, na imewekwa katikati ya uwanja wa futiboli ulio mpana karibu mara mbili. Kutoka safu ya kwanza kuna nyasi, majukwaa, kamera, nyaya, wanajeshi wa kupeperusha bendera. Mbao za ukingo zinaziba nusu ya barafu, kisahani huoni, unaona mabega. Pazuri ni juu. Cha ajabu, pazuri ndipo pa bei ndogo.

Tukachukua juu.

Tiketi moja ikaenda kwa mwenye akaunti, hakuna aliyebisha. Ya pili tukaipigia kura ya vijiti pale ghalani. Aliyeshinda ni mwenzetu wa tatu, kijana mpole, mchapakazi. Tukampongeza, mimi nikiwa wa mwisho kumpa mkono.

Baada ya siku chache akaiuza.

Aliyeuza

Aliiuza mtandaoni kwa bei ya juu, na hakuficha. Alituambia wakati wa chakula, kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa. Mwenye akaunti akaacha kula. Maana yake ni kwamba angekaa saa tatu kwenye baridi kali, kwenye kiti cha urithi wa baba yake kwa namna ya kusema, pembeni ya mtu asiyemjua, pengine na jezi ya timu pinzani.

Ugomvi niliouona ukija tangu ule mchana ukafika.

Na kijana alikuwa na hoja. "Faida hiyo imelipa karibu nusu ya robo yangu," alisema. "Bila hiyo, mwakani sipo. Jumanne zenu mtazigawana watatu." Alisema ukweli. Wenye msimu wengi wanaishi hivyo. Wanauza mechi za mahasimu na mechi kubwa ili waweze kubaki na zile ndogo. Klabu zinajua, na nyingine zina soko lao wenyewe la kuuziana. Ulanguzi mdogomdogo ndio unaoshikilia hesabu nzima isianguke.

Nililala nalo hilo kwa usiku kadhaa. Kwa nini Jumamosi dhidi ya mahasimu akiiuza hatusemi, na hii imetuuma?

Nadhani ni kwa sababu Jumamosi ilikuwa yake. Tuligawana, akatoa nyingine, akabaki na ile. Tiketi ya mechi ya nje hakuna aliyeilipia alipolipa robo yake. Ilikuja kwa mlango wa heshima: kwa kuwa wewe ni mteja wetu. Mlango ule ulifunguliwa kabla ya yule mama wa Bukavu kwa sababu moja tu, kwamba sisi tutakwenda. Ukipita mlangoni kwa jina la uaminifu, kisha ukamuuzia aliye nje kwa bei ambayo mlango haukumtoza, umefanya kazi ya mlanguzi ukiwa na kadi ya mwanachama.

Sikumwambia hivyo. Nilimwambia maneno mepesi zaidi, naye akayapokea kwa adabu.

Hali ya hewa nayo ikaja na yake. Mechi ilipokaribia, utabiri ukabadilika, baridi ikatajwa kuwa ya kuuma masikio. Ligi imeshakutana na kila aina ya mbingu: Pittsburgh mwaka 2011 mechi ilisogezwa kutoka saa saba mchana hadi saa mbili usiku kwa ajili ya mvua, na Minneapolis mwaka 2022 walianza katika nyuzi 21 chini ya sifuri. Wenye tiketi za kuuza wakaanza kuogopa. Bei ikateremka siku baada ya siku, ikapita chini ya bei ya dirishani, ikaendelea kuteremka. Jirani yangu alinunua tatu juu kabisa, usiku wa kuamkia mechi, kwa pesa ndogo kuliko tuliyolipa sisi wenye heshima kwa kiti kimoja.

Nilimuuliza walionaje. "Watoto walilia kwa baridi," akasema, "na bakakataa kutoka."

Makubaliano

Sasa fomu ya msimu ujao imefika, na kabla ya kulipa tumejaribu kuandikiana. Ninachokidai kwa klabu ni kifupi: kiti kimoja cha mechi ya nje kwa kila kiti cha msimu, kwa bei ileile ya kawaida, ndani ya kifurushi, bila kinyota. Kisiuzike kwa faida. Asiyekwenda arudishe apewe pesa yake. Na kila kilichobaki, baada ya wafadhili kupunguziwa, kipigiwe kura ya wazi kwa watu wasio na akaunti yoyote, kabla ya kadi za benki. Uwanja ukiwa mdogo kiasi kwamba hesabu hiyo haifungi, basi uwanja huo usichaguliwe. Nimeyaandika kwenye barua pepe ya klabu. Nimejibiwa kwamba maoni yangu ni muhimu.

Kati yetu wanne, karatasi ni rahisi zaidi. Mechi ya nje ikija tena, tiketi anachukua aliyekwenda mechi nyingi za katikati ya wiki, na akiiuza, faida ni ya kikundi. Watatu tumesaini. Kijana hajasaini. Anasema akisaini hana njia ya kulipa robo, na sidhani kama anatutisha, nadhani amepiga hesabu.

Akitoka, robo inabaki. Nilipomgusia jirani yangu akacheka, robo nzima haiwezi. Lakini juzi alinisimamisha kwenye ngazi akauliza kama tunaweza kumuuzia Jumanne tu, zile za Novemba, ambazo ameshaona kwenye ratiba ya mwaka jana kwamba hakuna anayezitaka. Nimemwambia nitamuuliza mwenye akaunti.